Kwa nini Mzungu na Mchina hawakuwahi kukutana

Nilikuwa darasa la nne nilipotoka kwenye banda la video la Mwanjelwa, hapa Mbeya, na swali lililonikaa kichwani zaidi ya miaka ishirini. Tulikuwa tumeangalia picha ya maninja. Ndani yake alikuwemo Mzungu mwenye sharubu, na alikuwemo kijana wa Kichina aliyekuwa hodari wa mateke. Wote walikuwa upande wa wema. Mzungu akitaka jambo anampigia simu Mchina. Mchina anapokea, anaitikia, anakwenda kupiga watu. Simu ya yule Mzungu ilikuwa na umbo la paka mnene wa rangi ya chungwa, na hilo nalo lilitusumbua kidogo, ila tulilisamehe. Tulichoshindwa kusamehe ni kwamba picha ilianza mpaka ikaisha bila wale wawili kukanyaga chumba kimoja. Hata siku ya ushindi kila mmoja alishangilia kwake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani tulibishana. Mmoja akasema Mzungu ni bosi, na bosi haonani na vijana wa kazi. Mwingine akasema hao watu wamegombana kwelikweli, nje ya picha. Mimi sikuwa na jibu. Nililipata nikiwa mtu mzima, nimekaa mbele ya kompyuta nahariri video za harusi na sendofu hapa Mbeya, na jibu lenyewe linaeleza karibu kila kitu kuhusu picha hizi: kwa nini tulizipenda vile, na kwa nini nyingi, tuseme ukweli, ni mbovu.

Tuanze na kofia. Mwezi wa saba Mbeya baridi yake inamkatisha mtu tamaa ya kunawa uso, na kila mtoto alikuwa na mzula wake wa sufu: ukiukunja ni kofia, ukiushusha unabakiza macho tu. Banda lilijengwa kwa mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo la paina yanayobaki na magome, na mianya ilizibwa kwa magunia ya viazi ili mwanga usiingie. Mwanga haukuingia, baridi iliingia. Kwa hiyo ukiangalia kwenye runinga kuna maninja, ukigeuka nyuma kwenye mabenchi kuna maninja wengine arobaini wanakula karanga. Sidhani kama kuna watazamaji duniani waliowahi kufanana na picha yao kuliko sisi.

Kwa mtengenezaji wa filamu asiye na fedha, kofia ile ni mgodi. Mwigizaji mwenye jina ni ghali, na mara nyingi hajui kupigana. Mpiganaji hodari anapatikana kwa bei nafuu, lakini hana jina la kuuzia mkanda. Mfunike uso, tatizo limekwisha: mwenye jina anaonyesha sura pale anapoongea, kisha anashusha kitambaa, na mwenye mateke anaingia mahali pake.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye Enter the Ninja ya 1981, iliyofungulia wimbi lote la miaka ile. Aliyeiongoza ni Menahem Golan, ambaye yeye na binamu yake Yoram Globus, Waisraeli wote wawili, walikuwa wameinunua kampuni ya Cannon ya Marekani mwaka 1979. Wazo lilitoka kwa Mike Stone, bingwa wa karate wa Marekani, na ilitarajiwa yeye ndiye awe stelingi, yaani mhusika mkuu. Nafasi ikaishia kwa Franco Nero, Mtaliano aliyejulikana kwa picha za kauboi. Stone akabaki kupanga mapigano na kumpigania Nero ndani ya kofia. Hata sauti ya Kiingereza iliyosikika haikuwa ya Nero. Kwa hiyo yule ninja wa nguo nyeupe tuliyempigia makofi alikuwa na uso wa Mtaliano, mateke ya Mmarekani na koo la mtu wa tatu.

Na kofia inaziba mdomo. Mtu asiyefanya kazi hii anaweza kuliona dogo, lakini kwangu mimi mhariri hili ndilo kubwa kuliko yote. Picha ya bei nafuu hupigwa na waigizaji wa lugha nne tofauti, halafu sauti huingizwa baadaye studio. Mdomo ukionekana, kila mtu anagundua kwamba unasema hivi na sauti inasema vile. Ninja hana mdomo. Mpe Kiingereza, mpe Kijerumani, mpe hata Kisafwa cha huku Mbeya ukitaka, macho yake yatabaki yaleyale.

Sho Kosugi alikuwa jambo jingine. Huyu alikuwa Mjapani kweli, mwana karate kweli, na kwenye picha ile ya 1981 alikuwa adui. Watu walimpenda kuliko stelingi, naye mwaka 1983 akapewa picha ambayo yeye ndiye shujaa, na mwanawe Kane, bado mtoto mdogo, akacheza kama mwanawe na akapigana pia. Hapo watoto wa Mwanjelwa tulipagawa. Kosugi tulimwita Mchina, kama tulivyomwita Mchina kila mtu wa Asia ya mbali. Reli ya TAZARA ilikuwa imekamilika mwaka 1975 na Wachina walioijenga walikuwa bado kwenye simulizi za wazee wetu. Ujapani ulikuwa nchi ya pikipiki na redio, hatukujua kama una watu.

Maninja wa kweli, kwa maana ya watu waliowahi kuishi, hawakuwa na sare. Walitoka hasa maeneo ya milima ya Iga na Koka huko Japani, katika zama za vita vya mabwana wa nchi ile, na kazi yao ilikuwa ujasusi, uchomaji wa ngome na kuvuruga usingizi wa adui. Mwaka 1581 Oda Nobunaga aliivamia Iga kwa jeshi kubwa na kuiteketeza. Mjasusi mwenye akili huvaa kama mkulima, mtawa au mchuuzi. Nguo nyeusi gubigubi, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, zilitoka kwenye jukwaa la maigizo ya kabuki, ambako wahudumu wa jukwaa walivaa nyeusi ili watazamaji wajifanye hawawaoni. Siku mhudumu mmoja akichomoa kisu, ukumbi mzima unashtuka. Yaani lile vazi tangu mwanzo lilikuwa la watu wa nyuma ya pazia, wale wanaobeba meza. Mjasusi wa kweli akitumwa leo Soko Matola, atabeba ndoo ya nyanya.

Sasa turudi kwa Mzungu na simu yake.

Baada ya Cannon kuonyesha kwamba neno "ninja" linauza, wafanyabiashara wa filamu wa Hong Kong walifanya hesabu moja ya ajabu. Soko la mikanda ya video lilikuwa limefumuka dunia nzima na lilikuwa na njaa. Kupiga filamu nzima ni gharama. Lakini Korea, Taiwan, Thailand na Ufilipino kulikuwa na filamu nyingi zilizokwisha kutengenezwa, ambazo nje ya nchi zao hakuna aliyezijua. Kampuni ya IFD ya Joseph Lai, na ile ya Filmark ya Tomas Tang, zikawa zinanunua haki za filamu kama hizo kwa bei ya chini, zinazikatakata, kisha zinapiga vipande vipya vifupi vya Wazungu wachache waliovaa kininja wakipigana kwenye bustani za Hong Kong. Wanachanganya, wanaingiza sauti ya Kiingereza, wanabandika jina lenye neno ninja, wanauza. Fundi mkuu wa kazi hii alikuwa Godfrey Ho, mtu ambaye ujanani alikuwa msaidizi wa mwongozaji mkubwa Chang Cheh kwenye kampuni ya Shaw Brothers. Hakuwa mtu asiyejua filamu. Alijua kabisa anachokifanya.

Picha yetu ya Mwanjelwa niliitambua kwa ile simu. Ni Ninja Terminator ya 1985, na paka yule ni Garfield wa katuni. Mwenye sharubu ni Richard Harrison, Mmarekani aliyekuwa amecheza sana Italia. Mchina wa mateke alikuwa kwenye filamu nyingine kabisa, ya Kikorea, yenye kisa chake na ugomvi wake, na siku anaipiga hakuna aliyemwambia habari za ninja yeyote. Simu ndiyo daraja. Mtu wa filamu ya kwanza anashika simu anaongea, unakata, mtu wa filamu ya pili, ambaye kwenye filamu yake alikuwa akiongea na mtu mwingine, anashika simu anaitikia. Wewe ulioko bandani unawaunganisha mwenyewe. Harrison mwenyewe alisaini filamu chache, kisha akaja kujikuta kwenye nyingi ambazo hakuwahi kukubali kuzicheza, maana vipande vyake viligawanywa kama nyama ya msibani.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka fulani nilihariri sendofu moja ambayo mjomba wa bibi harusi, mtu mzito aliyetoa ng'ombe, alifika keki imekwisha kuliwa. Familia ikaniambia kijana, tusaidie. Nilikuwa na sekunde tano za mjomba akipiga makofi wakati anakaribishwa, anaangalia kushoto. Nikachukua keki inakatwa, bibi harusi anaangalia kulia, nikamweka mjomba katikati. Mpaka leo ukoo mzima unaamini alikuwepo, na nadhani hata yeye ameanza kuamini. Mmoja akiangalia kushoto na mwingine kulia, jicho la mtazamaji linajenga chumba ambacho hakipo. Godfrey Ho alijenga nyumba nzima kwa sekunde tano za namna hiyo.

Maajabu mengine ya kininja yana maelezo mafupi. Anayetoweka kwenye moshi: kamera inazimwa, mtu anaondoka, kamera inawashwa. Anayeruka kutoka chini mpaka juu ya ukuta: aliruka kutoka juu kuja chini, na mkanda ukarudishwa kinyumenyume. Angalia miguu yake siku nyingine, utaona vumbi linatoka hewani na kurudi ardhini kwa adabu, kama kuku wanaoingia bandani jioni.

Kujua haya yote hakujaniondolea raha ya picha zile, na nimejiuliza sana kwa nini. Sababu moja naiona wazi. Rambo alitaka misuli, na sisi tuliokua kwa makande hatukuwa nayo. Bruce Lee, ambaye alikuwa amekwisha kufariki tangu 1973 na bado anatawala kuta za vinyozi, alitaka kipaji. Ninja alitaka kitambaa tu. Mtoto mfupi, mtoto wa kigugumizi, mtoto ambaye hachaguliwi kwenye mpira, akishusha mzula anakuwa sawa na wengine wote. Kofia iliyomsaidia mzalishaji kubana matumizi ndiyo iliyotufungulia sisi mlango. Pale ambapo hakuna uso, uso wowote unaingia, hata wa mtoto wa Mwanjelwa.

Tuliingia kweli. Nyota za kurusha nilizikata kwenye vifuniko vya makopo, nikazinoa kwenye jiwe la bomba. Ya tatu ilimpata mdogo wangu juu ya jicho. Sentimita moja chini na ningeandika makala nyingine. Mama hakunipiga. Aliuchukua mzula wangu akautia jikoni kwenye mkaa, akaniambia ninja haoni baridi. Ilikuwa Julai.

Hasara ya kofia inaanzia hapohapo kwenye faida yake. Uso ukifichwa, majonzi yanafichwa pia. Maninja arobaini wanakufa katika dakika kumi na hakuna hata mmoja mwenye mama. Wanakuja mmojammoja, wengine wakisubiri zamu kwa kurukaruka pembeni kama watu wenye haja ndogo, kwa sababu mpanga mapigano hana muda wala fedha za kuwafundisha kuvamia pamoja. Wanawake wapo ili watekwe. Na picha za Cannon zina jambo moja ambalo utotoni halikunigusa, sasa linanikera: elimu ni ya Mjapani, anayekufa ni Mjapani, ila anayehitimu bora kuliko wote ni Mzungu aliyejifunza juzi. Katika American Ninja ya 1985 stelingi ni Michael Dudikoff, kijana mzuri wa sura ambaye hakutoka kwenye mapigano. Aliyetufurahisha zaidi pale alikuwa mwenzake, Steve James, Mmarekani mweusi mwenye mwili wa kazi na ucheshi, aliyejua mapigano kuliko stelingi. Alikuwa msaidizi, na kwenye sehemu zilizofuata akabaki kuwa msaidizi. Alifariki mwaka 1993. Sheria ya bandani ilikuwa stelingi hafi. Hakuna aliyetuambia kwamba stelingi pia habadilishwi rangi.

Kuna la uchungu zaidi. Sehemu ya pili ya picha ile, ya 1987, inasimulia kisiwa cha Karibea, lakini ilipigwa Afrika Kusini, ya Makaburu, wakati dunia imeombwa isipeleke sanaa yake kule. Ya tatu nayo ilipigwa hukohuko. Nchi yetu wakati ule ilikuwa mstari wa mbele. Pale Mazimbu, Morogoro, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kilikuwa na shule ya watoto wa wakimbizi wake. Sisi tukaimba nyimbo za ukombozi asubuhi mstarini, jioni tukatoa shilingi ishirini kuangalia fukwe za Makaburu tukidhani ni Marekani. Hii nayo ni kazi ya bajeti ndogo: kamera huenda kwenye unafuu, na mtazamaji haoni risiti.

Kasoro kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ya kawaida kabisa. Nyingi zinachosha. Juzi niliitafuta ile ya paka nikaiangalia upya, na zaidi ya nusu ni wanaume ofisini wanapanga mipango. Kuunga filamu mbili kunamaanisha kwamba hakuna tendo linalozaa tendo jingine; adui wa filamu ya kwanza hajui kilichompata adui wa filamu ya pili, kwa hiyo hawezi hata kukasirika ipasavyo. Muziki umechotwa huku na huku bila kuomba. Utotoni sikukumbuka kuchoka, na nadhani najua wa kumshukuru.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Video ndiyo ilikuwa televisheni, na Kiingereza cha mikanda hakikuwa chetu, kwa hiyo akazaliwa mtafsiri. Wengi wanamkumbuka Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyeingiza Kiswahili chake juu ya filamu za watu mpaka jina lake likawauzia wenye mikanda kuliko la waigizaji. Uganda, ambako kazi hii ilishamiri zaidi, walifika mbali: Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alipotoa filamu yake ya mapigano ya mwaka 2010, sauti ya mtafsiri VJ Emmie ikabaki humohumo ndani, inashangilia na kutania, na watu wa Ulaya wakaijua filamu ikiwa nayo.

Banda letu lilikuwa na wa kwake, jamaa mmoja mwembamba aliyesimama kando ya runinga na kijiti. Kiingereza chake sasa naweza kukipima: kilikuwa kidogo sana. Lakini alikuwa na kazi ambayo Godfrey Ho alimwachia bila kujuana naye, ya kuziba mshono. Adui akawa mwizi wa mbolea. Sanamu ya dhahabu waliyoigombea ikawa mali ya chifu. Na nikivuta kumbukumbu vizuri, swali letu alilijibu palepale, ila sisi tulidhani anatania. Alisema Mzungu yuko Tunduma, Mchina yuko Makambako, na basi la kumleta Mzungu limeharibikia Igawa.

Basi lile halijafika mpaka leo, na jamaa hakukosea.

Mwaka huu vijana watatu wa Uyole walinifuata ofisini. Wana simu moja yenye kamera nzuri na mizula miwili, wanapiga picha ya maninja kwenye machimbo ya kokoto. Walitaka niwaunganishie. Nikaenda kuwaona Jumamosi. Maninja tisa wa mkanda wao ni vijana wawili wanaokufa, wanainuka, wanazunguka nyuma ya lundo la kokoto na kurudi. Wa tatu ndiye stelingi, ambaye kwa kuwa uso wake ulionekana alinyimwa haki ya kufa. Mzula mmoja ulikuwa umelowa jasho mpaka unashikamana na pua. Nikawaambia wapige picha kutokea chini ili lundo lionekane mlima, na simu isiende mara kulia mara kushoto.

"Shikamoo bro, tena samahani," mkubwa wao akasema wakati nafungua pikipiki niondoke. "Tumepungukiwa mtu wa kumi."

"Mimi? Na kitambi hiki?"

Akanikabidhi ule uliolowa. "Wewe shusha tu, bro. Halafu ukifika pale kwenye jiwe, anguka."